Obama si Mhawaii

Wenzangu wa kalamu, hili limenikaa kooni. Juzi kijana mwenzetu katika shairi lake kamwita Barack Obama "Mhawaii". Eti kwa kuwa kazaliwa Honolulu mwaka 1961! Hapana, bwana. Aliyezaliwa kule tu ni mtu wa Hawaii. Mhawaii ni yule ambaye wazee wake walikuwepo visiwani kabla Kapteni Cook hajatia nanga mwaka 1778. Wenyewe hujiita kanaka maoli.

Msidhani ni maringo. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa, 1896 sheria ikaitoa lugha yao madarasani, 1898 Marekani ikavimeza visiwa. Sasa hata jina tuligawe kama njugu?

Na hao wa Washington nao wana lao. Sheria yao ya 1921 yasema kiwanja cha kukodi, kwa dola moja kwa mwaka, aombe mwenye damu ya Kihawaii nusu au zaidi. Nusu! Damu inapimwa kwa kibaba, kama mchele? Mama mwenye nusu akizaa na Mjapani, mtoto ana robo. Hawezi kuomba kiwanja chake, na bibi ni yuleyule! Mie huyo namwita Mhawaii, tena mzima.

Mshairi wetu afute lile neno, aandike "mzaliwa wa Honolulu". Mizani ikivunjika, shauri yake.