Kadi ya Harusi: Jina la Nani Litangulie?

Wiki hii tuzame kwenye kadi za harusi, maana zinavunja undugu kimya kimya.

Ugomvi huanzia mstari wa kwanza. Baba ni marehemu, mama kamlea binti kwa kuuza ndizi Muleba, halafu kadi inatoka na jina la baba mdogo peke yake! Jamani, hiyo si haki. Sisemi ukoo uachwe, kwani Uhayani harusi ni ya ukoo. Andika hivi: "Bibi Fulani wa Kamachumu, Muleba, pamoja na ukoo wa marehemu Bwana Fulani, wanayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yao mpendwa..." Mama kapata heshima yake, na baba mdogo hana la kununia.

Pili, tarehe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa. Usikimbilie kuchapisha kadi kabla ya kupata uhakika kanisani, msikitini au bomani.

Tatu, njia. Mgeni wa Mwanza anayekwenda Muleba kwa meli mwambie ashukie Kemondo, sio afike Bukoba mjini ndio aanze kurudi nyuma.

Mwisho, andika wazi kama kadi ni singo au dabo. Na yule bibi aliyekubeba mgongoni, hata kama hakuchanga senti, mpelekee kadi mwenyewe, mkononi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.