Maabara Isiyo na Chupa

Basi la Garissa likishaiacha Matuu hufika Kithyoko. Bwawa la Masinga haliko mbali. Lilikamilika 1981, nalo ndilo ghala la maji la mitambo ya umeme iliyofuatana chini yake kwenye Mto Tana, kutoka Kamburu hadi Kiambere. Ukame wa 2009 ulipunguza maji yake mpaka mitambo ya Masinga ikazimwa. Mbele kwenye barabara hiyohiyo, Garissa, tangu 2019 kuna uwanja wa paneli za sola wa megawati 50. Mtoto wa Kithyoko amezaliwa katikati ya swali la nishati. Sisi tunashikilia kwamba anaweza kulijibu mwenyewe akiwa mwanafizikia, na kwamba nchi haina kisingizio cha kutomwajiri.

Kazi yenyewe ni kukokotoa. Kitu kipya cha kutengenezea sola au betri, hata kabla hakijachanganywa na mtu yeyote, sifa zake huweza kutabiriwa kutokana na atomi zake. Ugumu uko kwenye elektroni: ni nyingi, na kila moja husukumana na zote. Mwaka wa 1964 wanafizikia Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba si lazima kuzifuata moja moja. Yatosha kujua zimesongamana kiasi gani kila mahali, kama mtu anayeisoma siku ya soko kwa kutazama watu walipojazana, bila kumuuliza yeyote jina. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakaonyesha namna ya kupiga hesabu hiyo.

Mwanafunzi huandika faili fupi: atomi zipi, zimekaa wapi. Kompyuta hurudia hesabu mpaka nishati iache kubadilika. Fizikia huanzia hapo, maana jibu laweza kutulia vizuri na bado lisiwe kweli. Silikoni, iliyo katika paneli nyingi za mapaa yetu, ina pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika kuiachilia elektroni ibebe umeme, la elektronivolti 1.1 hivi, lakini hesabu ya kawaida hutoa karibu 0.6. Asiyejua sababu atatupa kitu kizuri na kusifu kibovu. Wanaosema kazi hii ni kubonyeza vitufe hawajawahi kuketi mbele ya tofauti hiyo.

Tena maswali yetu hayatajibiwa na mwingine kwa niaba yetu. Sola za perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, zilianza 2009 zikigeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo za maabara zimepita 25. Lakini joto na unyevu huziharibu, na zilizo bora zina madini ya risasi. Nani ana haja kubwa ya perovskaiti inayostahimili jua kali kuliko watu wa Masinga?

Njia imekwisha kufunguliwa. ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu hizi, ilifanyika Eldoret 2012, ikiandaliwa na Nicholas Makau na George Amolo. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayopiga hesabu hizi, hailipiwi. Kinachokatiza safari ni kinachofuata shahada ya uzamifu: kijana hurudi nyumbani akapewa vipindi vya kufundisha vya kulipwa kwa saa, bila muda wa utafiti wala kompyuta ya kuaminika. Tunavitaka vyuo vikuu vitangaze nafasi za kudumu za fani hii, na kila tangazo litaje saa za utafiti ambazo mhadhiri hatanyang'anywa.