Muuguzi Anayebaki: Wapiganaji wa Kagera na Jeraha Lisiloonekana

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Tanzania huwakumbuka mashujaa wake. Viongozi huweka mkuki, ngao na shada la maua kwenye mnara, na taifa husimama kimya kwa heshima ya waliolala, wakiwamo wale wa makaburi ya Kaboya mkoani Kagera. Heshima hiyo wanaistahili. Lakini wapo wapiganaji wa vita hivyo ambao bado wako hai, na baadhi yao hawajapata kulala usingizi wa amani tangu waliporejea nyumbani. Hao hawahitaji mnara. Wanahitaji muuguzi wa afya ya akili atakayekaa nao muda wa kutosha.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwezi Juni mapigano yalikuwa yamekwisha. Mwaka uliofuata, 1980, ndipo Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipoingiza katika mwongozo wake ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Kwa hiyo askari na wanamgambo walimaliza vita kabla ugonjwa wao haujapata jina hilo katika vitabu vya tiba. Aliyepiga mayowe usiku aliambiwa amerogwa. Aliyekunywa pombe ili asiote ndoto aliitwa mlevi. Aliyejitenga na watu alidhaniwa ana kiburi.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa ni mzee aliyevuka miaka 65. Anapofika kliniki, hasemi habari za vita. Husema shinikizo la damu, kichwa, au usingizi unaokatika saa nane za usiku. Asipoulizwa, hataeleza. Na akiulizwa na mtu asiyemjua, aliye na foleni ndefu mlangoni, atajibu kwa ufupi, “Mimi sijambo, mwanangu,” kisha atachukua vidonge vyake na kuondoka.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1970, jijini New York, askari waliorudi kutoka Vietnam walianza kukutana katika vikundi vya mazungumzo pamoja na madaktari Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, kwa sababu taasisi zilizokuwapo hazikuwasikiliza. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba takriban wanaume 30 kati ya kila 100 waliotumika huko walikuwa wamepata ugonjwa huu wakati fulani maishani. Miongoni mwa wanawake waliotumika huko walikuwa takriban 27 kati ya 100, na wengi wa wanawake hao walikuwa wauguzi. Wataalamu waliona pia kwamba kumbukumbu zilizonyamaza kwa miaka mingi huweza kuamka uzeeni: mtu anapostaafu, anapofiwa na mwenzi wake, au mwili unapodhoofika. Kazi na malezi ya watoto vilikuwa vimezifunika, na kifuniko kikaondolewa.

Muuguzi aliyebobea katika kazi hii hujua mambo ambayo hayaonekani katika faili. Hamkaribii mgonjwa kwa nyuma. Humpa kiti kinachotazama mlango. Akimkuta amelala wodini, hamtikisi bega. Husimama miguuni pa kitanda na kumwita kwa jina, kwa sauti ya kawaida. Hujua kwamba kumwandikia diazepamu mwezi baada ya mwezi si tiba ya ugonjwa huu, na kwamba miongozo ya kitaalamu hushauri dhidi ya dawa za kundi hilo kwa kuwa huzoesha mwili na, kwa wazee, huongeza hatari ya kuanguka. Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya mazungumzo yanayolenga kiwewe chenyewe, kwa vikao vya kila wiki, na dawa kama sertralini huweza kusaidia. Lakini mazungumzo hayo hudai kuaminiana, na kuaminiana hakuletwi na bohari ya dawa.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mfumo. Muuguzi wa afya ya akili huhesabiwa kama namba katika ikama: leo yuko kliniki ya akili, kesho wodi ya upasuaji, mwakani wilaya nyingine. Mzee aliyechukua miezi sita kutamka jina la mwenzake aliyemwacha porini, humkuta kijana mwingine mezani anayeanza upya: “Shikamoo mzee, una tatizo gani?” Wengi hawarudi tena. Katika tiba hii, miaka ya muuguzi mahali pamoja ni sehemu ya dawa yenyewe, na kumhamisha bila makabidhiano ni sawa na kukatisha dozi.

Huenda ikasemwa kwamba wauguzi ni wachache mno kutengwa kwa ajili ya wazee wa vita, na kwamba familia na nyumba za ibada zinatosha. Familia ni nguzo, na faraja ya imani ni kubwa. Lakini mke aliyevumilia mayowe ya usiku kwa miaka 40 naye anahitaji msaada. Tena ujuzi huu hautumiki kwa askari pekee. Manusura wa ajali za barabarani, wanawake waliofanyiwa ukatili, na wakimbizi walioko kambini Kigoma hubeba jeraha la namna hiyohiyo. Muuguzi anayemwelewa mpiganaji wa Kagera atawaelewa na hao.

Mambo matatu yanawezekana bila kujenga jengo jipya. Kwanza, kila mzee anayefika kliniki na tatizo la usingizi aulizwe kwa upole kama aliwahi kwenda vitani, na jibu liandikwe kwenye kadi yake. Pili, muuguzi aliyesomea afya ya akili aachwe katika kazi hiyo, na akihamishwa, awakabidhi wagonjwa wake ana kwa ana kwa atakayempokea. Tatu, muuguzi mwenyewe apewe mtu mwenye uzoefu wa kumsikiliza kila mwezi, kwa sababu anayepokea simulizi za vifo mwaka hadi mwaka naye huumia.

Wapiganaji hao wanapungua kila mwaka. Hatua zitakazochukuliwa muongo ujao zitawakuta wachache, na wengi watakuwa wamekwenda na siri zao.