Duka la mtandaoni lianzie kwenye kompyuta yako

Jamani wauzaji, mbona tunakimbilia kulipia seva ya mwaka mzima kabla hatujapanga hata bidhaa moja? Mimi nasema anza nyumbani. XAMPP ni bure: ukiiwasha, kompyuta yako inakuwa seva, na brauza yako inakuwa mteja. Weka WordPress na WooCommerce, fungua localhost, kisha panga bei, picha na gharama za kutuma mzigo. Jiagizie mwenyewe kama mteja msumbufu. Ukikosea, hakuna anayeona. Malipo ya simu tu ndiyo hutayajaribu mpaka mwisho, maana majibu ya kampuni ya simu hayafiki kwenye localhost. Yakibaki hayo peke yake, ndipo toa hela. Au mnaonaje?