Mambo ya Nyumbani: Tetemeko la Nchi Halipigi Hodi

Mwezi huu twataka kunena juu ya misiba itokayo angani, majini na ardhini, na hasa juu ya ule mmoja ambao watu wengi huuwaza siku moja tu, yaani siku yenyewe unapotokea.

Kila msiba una tabia yake, kama kila mgeni alivyo na tabia yake. Upepo wa kusini, uitwao mwera, hutuma mjumbe mbele yake. Maji hugeuka rangi, mawimbi huanza kuvunjika kwa mbali, na mvuvi aliyefundishwa na babaye huvuta mtumbwi mchangani, akangoja. Ukali wa ziwa letu twaujua. Mwezi wa Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples alizama humu usiku, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Na habari yasimulia ya kuwa aliwahimiza mabaharia wajiokoe wenyewe, wasipotee kwa ajili yake. Tena mwezi wa Julai 1946 meli ya Viphya, iliyokuwa mpya bado, ilizama katika dhoruba, wakafa watu 145. Basi upepo ni adui mkali, walakini hauji bila kuonyesha uso wake. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutangaza habari zake kwa redio, ili asikiaye asitweke.

Mvua kubwa nayo ina dalili zake. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mkoa wa Manyara, tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Sisi wa Mbinga tunaokaa katika miteremko mikali hatuwezi kusikia habari hiyo na kulala. Lakini wazee wa Umatengo waliona tangu zamani jinsi mvua inavyochukua udongo, nao wakaijibu kwa jembe. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Ndivyo yanavyotokea mashimo ya ngolo, ambayo hushika maji yasikimbie mlimani, na majani yaliyooza huwa mbolea ya maharagwe na mahindi. Njaa nayo huja kwa miguu, polepole; mwenye shamba la mihogo humwona mgeni huyo angali mbali.

Tetemeko la nchi silo hivyo. Halina wingu wala majira. Halipigi hodi. Hakuna redio iwezayo kutangaza siku yake, maana wataalamu wa dunia nzima, pamoja na vyombo vyao vyote, hawajaweza kutaja siku wala saa. Basi mtu yeyote akiwaambia, «Kesho usiku nchi itatikisika,» msimsadiki, wala msiuze mbuzi zenu kwa ajili yake.

Lakini sababu yake yajulikana. Ziwa letu limelala ndani ya Bonde la Ufa. Huko chini ganda la nchi lavutwa huku na huku, kiasi cha milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha wa kidole unavyokua. Mwamba huvumilia miaka mingi, kama upinde unaokunjwa, kisha hukatika ghafula, na nchi yote ya jirani hutetemeka. Kuvutwa huko huko ndiko kulikochimba ziwa hata likawa na kina cha mita 700 hivi. Ziwa linalotupa usipa na ufa unaotutikisa asili yao ni moja. Hatuwezi kulipenda moja tukajifanya hatulijui la pili.

Tena si habari ya mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa kwa nguvu ya 7.4, tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika Mashariki. Mwezi wa Machi 1989 Salima, ng'ambo ya ziwa letu, ilitikiswa usiku. Watu 9 walikufa, na maelfu wakakosa mahali pa kulala. Mwezi wa Desemba 2009 ikawa zamu ya Karonga. Hapo yafaa tusimame kidogo, kwa sababu tetemeko la tarehe 6 lilikuwa la nguvu ya 5.8, la tarehe 8 likawa 5.9, na lile la usiku wa kuamkia tarehe 20 likafika 6.0. La kwanza halikuwa kubwa kuliko yote. Aliyerudi kulala ndani ya kuta zilizopasuka alidhani msiba umekwisha, kumbe haujafika nusu. Kisha tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikiswa. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika, na majengo ya shule ya Ihungo yakabomoka hata ikabidi kujengwa upya.

Katika habari hizi zote iko jambo moja tunalotaka kila mwenye nyumba alishike. Si nchi inayoua watu, ni ukuta. Mtu aliyesimama shambani nchi inapotikisika huanguka, huogopa, kisha huinuka. Aliyelala chini ya ukuta mzito usiofungwa haamki. Wengi wetu tumeacha nyumba za miti na udongo, tukajenga kwa matofali ya kuchoma, nasi twaona ni heshima ya nyumba ya Kikristo. Vema. Lakini tofali lililounganishwa kwa tope tupu, bila lenta ya kuzunguka juu, ni mzigo uliotundikwa juu ya vichwa vya watoto. Nyumba ya mzee, yenye nguzo na fito zilizofungwa barabara, huyumba kama mwanzi. Hiyo yetu huvunjika. Heshima ya nyumba si uzito wake, bali ni watu wanaotoka ndani wazima.

Basi twawashauri hivi. Ajengaye na ajenge chini, asipandishe kuta sana; azungushe lenta nyumba nzima, aweke madirisha mbali na pembe, na juu aezeke kwa kitu chepesi. Fundi akisema lenta ni ghali, mwenye nyumba na apunguze chumba kimoja, asipunguze lenta. Kitanda cha watoto kisiwekwe chini ya ukuta mrefu wa kipembe. Nchi ikitikisika, aliye ndani na ajifiche chini ya meza imara na kukinga kichwa, asikimbilie mlangoni kwa kusukumana. Ikitulia, moto uzimwe, na wote watoke waende uwanjani. Aliye chini ya mteremko wa mawe na aondoke hapo, na aliye ufuoni apande juu. Wala mtu asilale tena ndani ya nyumba iliyopasuka mpaka fundi ameitazama. Ninyi waalimu, wafanyisheni watoto mazoezi haya shuleni kila muhula, kama mnavyowafundisha hesabu. Mtoto hukumbuka kwa mwili kabla ya kukumbuka kwa akili.

Neno moja limebaki, nalo ni zito. Nchi ikisha kutikisika, ndimi nazo hutikisika. Wako watakaomtazama mjane mwenye macho mekundu na kunong'ona ya kuwa yeye ndiye aliyeleta. Wako watakaosema kwamba waliokufa walikuwa na dhambi ya siri. Ndugu zetu, ufa wa nchi ulikuwako kabla ya nyanya wa mjane huyo kuzaliwa. Tena Bwana wetu alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa neno la kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Amwinuaye mkono mjane kwa sababu ya tetemeko ameongeza msiba wa pili juu ya ule wa kwanza, na huu ni wa mikono yake mwenyewe. Hana mwamba wa kuusingizia.

Mwera twaungoja ufukoni, mvua twaijibu kwa ngolo, njaa kwa mihogo. Tetemeko hujibiwa katika siku ya utulivu, nayo ndiyo siku kama ya leo. Jioni hii, baada ya sala ya nyumbani, baba na mama na watazame kuta zao pamoja, waulizane: usiku huu nchi ikitikisika, ni mtoto gani aliyelala mahali pabaya? Kisha wahamishe kitanda.