Njaa Haina Cheti

Makamanda, wiki tatu nimezunguka na bibi yangu. Anaishi Butiama, alizaliwa Bunda, makao ya mkoa yako Musoma. Kote huko tunatafuta karatasi za kuthibitisha kwamba yeye ni mzee na ni maskini. Dirisha hili cheti cha kuzaliwa, lile namba ya NIDA, kwingine eti alama za vidole hazisomeki. Zitasomekaje, jamani? Jembe limezimaliza.

Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja haki ya kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Tamu! Sasa rudi Ibara ya 7(2): hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuamua kama haki hiyo imetekelezwa. Yaani bibi ana haki, ila hana pa kuidai. Anabaki kumbembeleza karani.

Mwalimu alizaliwa hapa Butiama 1922, akaitwa Kambarage kwa sababu ya mvua. Wazee wetu umri wao ni mvua na njaa walizopitia. Ushahidi wa kijiji utoshe. Na Katiba Mpya ije bila hiyo 7(2). Hatuombi hisani, tunadai haki.