Fayawoli Siyo Adui: Niliizima, Nikajuta

Leo siandiki kwa kupendeza mtu. Naandika juu kuna neno moja linazunguka huku, kutoka Bwera mpaka Kasese mjini, kila mahali penye kompyuta mbili tatu: "Zima fayawoli, mashine itakimbia." Kila mtu amekuwa fundi. Hata mimi nilikuwa fundi wa namna hiyo. Njo sababu naandika.

Kwanza nikiri kosa langu. Najitolea kwenye kituo kimoja cha vijana. Jina lake sitalitaja, maana aliyekosa ni mimi. Tuko na kompyuta za msaada, za zamani. Memori giga 2, diski ni ile ya kuzunguka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kuteka maji, ukirudi bado inawaza. Vijana wanapanga mstari kujaza fomu za skolashipu, tarehe ya mwisho inakaribia, na ukurasa haufunguki. Mtu akaniambia: kuna kitu kinaitwa fayawoli, hicho njo kinakula nguvu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaizima kwenye mashine zote, hata ile ya ofisi. Tena nilitaka mafaili yapite bila shida kutoka mashine moja kwenda nyingine, basi nikafungua folda zishirikiwe bila paswadi. Nikapiga kifua. Vijana wakanipigia makofi.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa nje, simu yangu imeshika Wi-Fi ya kituo. Nikafungua programu ya mafaili, nikaona jina la kompyuta ya ofisi. Nikagusa. Ikafunguka, haikuuliza kitu. Ndani kulikuwa karatasi za watu zilizoskaniwa: vitambulisho vya familia, picha za watoto, na barua ya mama mmoja anaeleza kwa nini alikimbia na nani anamtafuta. Ndugu zangu, mikono ilitetemeka. Paswadi ya Wi-Fi ile imebandikwa ukutani. Kila anayepita kuchaji simu anaijua. Mama yule alitembea usiku na watoto ili watu fulani wasijue yuko wapi. Halafu mimi, kijana ambaye yeye ananiita mwanangu, nikamwachia mlango wazi ili ukurasa ufunguke haraka. Na ukurasa wenyewe haukufunguka haraka!

Hapo njo nilianza kujifunza kwa kweli, siyo kwa kusikia sikia.

Fayawoli ni nini? Sisi wa Bwera hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Kumbukeni Mpondwe wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Kivu Kaskazini mwezi wa Agosti 2018. Pale mpakani kukawekwa maji ya dawa ya kunawa na watu wa kupima joto. Kila anayevuka, mwenye ndizi, mwenye kuku, mwenye mtoto mgongoni, alipita pale. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mlipuko ule, mtoto wa miaka 5, hapa hapa Kasese, na akafariki. Foleni ya kipimo ilichosha watu, hasa siku ya soko. Lakini nani mwenye akili alisema: ondoeni kipimo ili soko liende haraka?

Fayawoli ni meza ile. Kila kitu unachotuma au kupokea kwenye intaneti kinakatwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande kimeandikwa kinatoka wapi, kinaenda wapi, na kinataka kupita mlango namba ngapi wa kompyuta yako. Fayawoli inasoma maandishi ya juu ya bahasha, haifungui barua. Inaangalia sheria zake: wewe uliitwa na mwenye nyumba, pita, wewe hakuna aliyekuita, rudi. Mazungumzo yakishaanza inayakumbuka, vipande vinavyofuata vinapita moja kwa moja. Ni kazi ndogo, hata mashine ya zamani inaiweza. Windows imekuja na fayawoli yake, imewashwa tayari, tangu Windows XP ilipopata Service Pack 2 mwaka 2004. Kwa hiyo ile unayoilaumu leo imekuwa ndani ya kompyuta za watu zaidi ya miaka 20.

Na haikuwekwa bure. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2003, kulitokea mdudu aliyeitwa Blaster. Haukuhitaji kufungua barua pepe mbaya wala kubonyeza kitu. Kompyuta ya Windows iliyokuwa haijasasishwa, ikiunganishwa tu na intaneti bila kinga, mdudu anaingia mwenyewe. Mei 2017 akaja WannaCry, akafunga mafaili ya watu na kudai pesa, akafika nchi zaidi ya 150. Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mdudu yule alipita mlango wa kushirikiana mafaili. Mlango ule ule niliouacha wazi mimi, nikipigiwa makofi.

Kijana mmoja aliniambia: "Yaya, mimi mkimbizi, kompyuta yangu iko na nini cha kuiba?" Hapana, mdogo wangu. Mwenye mali akiibiwa ananunua nyingine. Wewe una jina, picha, namba ya familia, anwani ya barua pepe ambayo majibu ya skolashipu yanapitia humo. Ukipoteza hivyo, utakwenda kununua dukani gani?

Sasa kama siyo fayawoli, nani anachelewesha? Nitawataja mmoja mmoja.

Wa kwanza ni VPN ya bure. Mnakumbuka tarehe 1 Julai 2018, ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp, Facebook na wenzao. Wengi walijifunza VPN hapo ili kuikwepa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ikafungwa, kisha intaneti yote ikazimwa siku kadhaa. Iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na VPN zikabaki kwenye simu na kompyuta zetu, zimewashwa usiku na mchana, hata mtu anaposoma tovuti ambayo hakuna aliyeifunga. Siingii siasa. Nasema tu vile inavyofanya kazi: na VPN, ombi lako kutoka Bwera halifiki tovuti moja kwa moja. Linapelekwa kwanza kwenye mashine ya kampuni ya VPN, labda Ulaya, labda Marekani, halafu litoke kule kutafuta tovuti ambayo pengine iko na nakala yake Nairobi. Ni kama kutoka Bwera kwenda Kasese ukipitia Mombasa. Halafu unailaumu fayawoli! Tena yule mwenye VPN ya bure anaona unaenda wapi. Umefukuza mlinzi wa mlango, umeajiri dereva usiyemjua.

Wa pili ni walinzi wawili kwenye mlango mmoja. Nimeona kompyuta moja hapa na antivirusi tatu. Kila aliyekuja kutengeneza aliongeza ya kwake. Hapa nikubali ukweli, wanaolalamika si waongo kabisa. Kuna programu kubwa za ulinzi zinazobeba kila kitu pamoja: antivirusi, fayawoli yao wenyewe, na kifaa cha kufungua kila ukurasa kuchungua ndani kabla haujaonekana. Hizo zinafungua barua, siyo kusoma bahasha tu. Kwenye memori ya giga 2, zinakaba koo. Zikiwa mbili, kila moja inachungua kazi ya mwenzake. Dawa yake ni kubaki na moja, tena nyepesi, na fayawoli ya Windows ibaki imewashwa. Kuzima vyote siyo dawa.

Wa tatu ni mashine yenyewe. Memori ikijaa, kompyuta inaanza kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni polepole sana. Fungua kurasa kumi na mziki pamoja, itasimama tu, fayawoli iwepo isiwepo.

Wa nne ni mstari wa intaneti. Tuko watu kumi na tano kwenye modemu moja, mmoja anapakua filamu, halafu wote tunauliza kwa nini fomu haifunguki. Na Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inapitia nyaya za chini ya bahari zinazotua pwani ya Kenya na Tanzania. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikalia. Siku ile pia kuna waliozima fayawoli zao. Iliwasaidia nini?

Usiniamini mimi. Pima mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Dirisha litafunguka linaloonyesha kila programu inakula memori kiasi gani na prosesa kiasi gani. Panga kuanzia inayokula sana. Mimi nilifanya hivyo kwenye kila mashine ya kituo. Juu kabisa nilikuta kivinjari chenye kurasa nyingi, antivirusi mbili zinagombana, na masasisho yanashuka kimya kimya. Fayawoli ilikuwa chini kule na wadogo. Niliiwasha tena nikafungua ukurasa ule ule: kwa jicho sikuona tofauti. Nilipotoa antivirusi moja na kuzima VPN, tofauti niliiona.

Sasa nigeukie nyinyi wa mashirika, kwa heshima, lakini bila kuficha.

Mnatuletea kompyuta zilizochoka, mnapiga picha ya kukabidhi, mnaondoka. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Bado tunaletewa mashine za namna hiyo na kuambiwa tushukuru. Tunashukuru, ndiyo. Lakini kijana anayezima fayawoli hazimi kwa ubaya. Anazima kwa sababu mmemwachia mashine isiyotembea, hamkumwachia mtu wa kumfundisha, na fomu inafungwa saa sita usiku. Mnaandika ripoti kwamba vijana hawajali usalama wa data. Na nani aliweka karatasi za yule mama kwenye kompyuta ya kituo bila paswadi?

Tunaomba vitu vichache. Ongezeni memori, badilisheni diski ziwe za SSD. Kwa mashine nyingi hiyo inasaidia kuliko kuleta nyingine nzee kumi. Mashine isiyobeba Windows mpya iwekewe Linux nyepesi, ambayo nayo iko na fayawoli yake. Fundisheni kijana mmoja au wawili kwenye kila kituo, mpaka waweze, mkawaachie funguo. Na karatasi za wakimbizi zisikae kwenye mashine ya watu wote, hata siku moja.

Nanyi vijana wenzangu, tuache uvivu wa kutafuta mkosaji mmoja. Mtu akikuambia "zima fayawoli," mwulize: umepima? Akinyamaza, mwache.

Mimi nilifuta folda ile, nikawasha kila nilichozima, nikaenda kwa mama yule nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Nani aliona, mwanangu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kompyuta zetu bado ni za polepole. Lakini nikiwa nasubiri ukurasa ufunguke, nakumbuka swali lile, na naacha mlango umefungwa.